Usiku Ubaki Usiku: Kupiga Picha za Dansi, Baa na Mitaa kwa Filamu

Simu za siku hizi haziwezi kuvumilia giza. Ielekeze kwenye ukumbi wa dansi saa sita usiku: inapiga picha kadhaa kwa mpigo, inazipanga moja juu ya nyingine, inafuta chenga (punje ndogo zinazoonekana kwenye picha), kisha inafungua vivuli mpaka viti vya plastiki vilivyorundikwa kule nyuma navyo vionekane. Ukumbi unatoka umeng'aa kama ofisi ya benki. Filamu haina uwezo huo, na ndiyo maana bado inafaa kupakiwa kwenye kamera na kupelekwa dansini. Inachukua mwanga ule tu uliopita kwenye lenzi, na mpiga picha anaamua kabla ya kubonyeza ni kitu gani kionekane na kipi kizame. Uamuzi huo una hesabu zake, dawa zake na makosa yake yanayojulikana.

Anayetoka kwenye dijitali analazimika kwanza kugeuza kichwa chake. Kwenye dijitali tunafundishwa kulinda sehemu nyeupe, kwa sababu taa ikishapitiliza hakuna cha kurudisha. Negativu, yaani mkanda wa filamu ambao vyeupe na vyeusi vimegeuzana, iko kinyume. Balbu iliyopitiliza kwa hatua mbili au tatu (kila hatua ni mwanga mara mbili) bado ina habari ndani yake, lakini kivuli ambacho hakikupata mwanga ni plastiki tupu inayopitisha taa, na hakuna programu itakayotoa uso mahali ambapo uso haukuandikwa. Kwa hiyo pima uso. Ziache taa zilipuke, ziache kona zizame. Ukiwa na shaka kati ya mipangilio miwili, chagua ule unaoingiza mwanga zaidi. Picha nyingi mbovu za usiku kwenye filamu zimeharibiwa na woga wa taa iliyokuwa nyuma ya mwimbaji.

Filamu za kuanzia ni zile za nyeusi na nyeupe zenye ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga): Kodak Tri-X, ambayo kwa mikanda ya milimita 35 ipo tangu 1954, na Ilford HP5 Plus. Zote mbili zinastahimili kupandishwa, yaani kupigwa kana kwamba ni za ISO 800 au 1600, halafu kusafishwa, yaani kutiwa dawa inayotoa picha, kwa muda mrefu zaidi. Zipo pia filamu zenye kasi tangu kiwandani. Ilford Delta 3200 na Kodak T-Max P3200 zimeandikwa 3200, lakini kasi yao halisi ni kama ISO 800 hadi 1000, na namba ya kwenye kasha ni mwaliko wa kuzipandisha. Kodak waliiondoa P3200 sokoni mwaka 2012 wakairudisha 2018. Chenga zake ni kubwa na zinaonekana hata kwenye picha ndogo. Mimi huiona Delta 3200 ikiwa nzuri zaidi inapopigwa kwa 1600, kwani nywele nyeusi na suti nyeusi hubaki na umbo. Ila kwa fedha ya kawaida na matokeo ya kutegemewa, HP5 Plus kwa 1600 inatosha kwa kumbi nyingi.

Kupandisha hakuongezi uwezo wa filamu kuona gizani, ingawa watu husema hivyo. Kusafisha kwa muda mrefu huongeza uzito wa sehemu ambazo tayari zimepata mwanga: paji la uso, shati jeupe, tarumbeta. Kivuli kilichokuwa tupu kinabaki tupu. Kinachopanda ni tofauti kati ya cheupe na cheusi, na ndiyo maana picha iliyopandishwa hatua mbili ina weusi mzito na weupe mkali. Ukikubali sura hiyo, 1600 ni rafiki yako. Ukitaka sura laini, tafuta lenzi ya f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana), piga kwa 800 na punguza mwendo wa shata, lile pazia linalofungulia mwanga.

Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera kinadanganywa usiku kwa njia mbili. Balbu moja ndani ya fremu inakifanya kidhani kuna mwanga mwingi, na ukuta mweusi unakifanya kidhani hakuna kabisa. Dawa ni kiganja chako mwenyewe. Kiweke kwenye mwanga uleule unaoangukia uso wa unayempiga, kipime kwa karibu mpaka kijaze fremu, kisha ongeza hatua moja, kwa sababu kiganja hung'aa kuliko kijivu cha kati ambacho kipimo kinakitafuta. Ukipima uso mweusi moja kwa moja, kipimo kitakupa mwanga zaidi kidogo kuliko inavyohitajika. Uache hivyohivyo, negativu itakushukuru.

Baada ya muda utajua namba kwa kichwa. Kwa ISO 1600, jukwaa dogo lenye taa za kutosha huanzia f/2.8 kwa 1/125 ya sekunde. Muuza mishikaki wa Forodhani, Unguja, aliyesimama chini ya balbu yake, f/2 kwa 1/60. Barabara yenye taa za nguzo, f/2 kwa 1/30. Kona ya baa ambako watu wanaonana kwa taa ya friji ya soda, f/1.4 kwa 1/30, na hapo egemea nguzo, toa pumzi nusu, bonyeza mara mbili. Hizi ni namba za kuanzia. Mfanyabiashara mmoja akibadilisha balbu, hesabu yote inasogea.

Taa zenyewe zina tabia zake. Mirija ya florisenti kwenye umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo shata ya 1/250 inaweza kunasa kipande cha mpepeso na kuacha fremu moja nyeusi kuliko jirani yake, au mistari upande mmoja wa fremu. Kaa 1/60 au chini. Taa nyekundu za LED jukwaani ni mtego mbaya zaidi: filamu nyingi za nyeusi na nyeupe hupofuka taratibu kuanzia karibu nanomita 650, wakati kipimo cha kamera bado kinaona wekundu ule vizuri na kukuambia mwanga upo. Ongeza hatua moja au mbili, au subiri fundi taa abadilishe rangi. Mzunguko wa rangi kwenye taa za kumbi zetu hujirudia kila baada ya sekunde chache. Hesabu mapigo, utajua nyeupe inarudi lini.

Ndiyo maana ndani ya ukumbi sipendekezi filamu ya rangi. Zambarau ya LED inajaza tabaka moja la filamu na kuacha mengine na njaa. Uso unakuwa doa la rangi lisilo na pua wala shavu. Taa za zamani za sodiamu, zile za rangi ya chungwa barabarani, zina karibu rangi moja tu, hivyo hakuna marekebisho yatakayotoa kijani cha kitenge chini yake. Mtaani kwenye maduka, vibanda vya chipsi na mabango, hapo rangi ina kazi. Kodak Portra 800 ni ya mchana lakini inavumilia mchanganyiko. CineStill 800T hutengenezwa kutokana na filamu ya sinema, Kodak Vision3 500T, iliyoondolewa tabaka jeusi la mgongoni ili iweze kusafishwa kwa dawa za kawaida za filamu za rangi, ziitwazo C-41. Imepangwa kwa balbu za nyuzi 3200 za Kelvin, na kwa kuwa tabaka lile halipo, mwanga mkali hupenya, hudunda nyuma na kurudi kama duara jekundu kuzunguka taa. Wapo wanaoinunua kwa ajili ya duara hilo. Likitokea katika kila fremu linachosha.

Flashi inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa na wapenzi wa filamu, ambao wengi huiona kama uchafu. Picha za usiku zilizoijenga sanaa hii Afrika zimepigwa kwa flashi. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki 1997, alizunguka baa na kumbi za Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika miaka ya 1950 na 1960, na mwanamuziki Franco mwenyewe alimchukua awe mpiga picha wake. Malick Sidibé wa Bamako alizunguka sherehe za vijana katika miaka ya 1960, akarudi studio usiku uleule kusafisha, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake. Tazama picha zao: nyuso zimechongwa, viatu vinang'aa, na nyuma giza limebaki giza. Hiyo ni fizikia ya flashi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo, kwa hiyo mcheza dansi wa mita 2 anawaka na ukuta wa mita 8 unapotea.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Kila flashi ina namba yake ya nguvu. Ikiwa ni 20 kwa mita na ISO 100, basi kwa ISO 400 inakuwa 40. Gawanya kwa umbali: mtu aliye mita 2.5 anahitaji f/16, aliye mita 5 anahitaji f/8. Ukishusha nguvu ya flashi hadi robo, namba inakatika nusu, na sasa f/8 ni ya mita 2.5. Flashi za zamani zenye jicho la kujizima zenyewe hufanya kazi hii kwa niaba yako, ila zinakosea mbele ya kioo au shati jeupe lililo karibu, na zinapiga kupita kiasi mbele ya ukuta mweusi. Angalia pia mwendo wa shata. Canon AE-1 na Pentax K1000 hukubali flashi mpaka 1/60, Nikon FM mpaka 1/125, Nikon FM2 1/200 kwenye matoleo ya mwanzo na 1/250 kwenye ya baadaye. Ukipita hapo, sehemu ya fremu inatoka nyeusi kama imefunikwa kwa pazia, kwa sababu pazia lenyewe la shata ndilo lililofunika.

Chini ya kikomo hicho kuna uhuru, na ndipo ladha ilipo. Weka filamu ya ISO 400 kwa 400, f/8, flashi kwa robo, umbali mita 2.5, na shata 1/15 au 1/8. Flashi inagandisha uso kwa muda mfupi mno, kisha shata iliyobaki wazi inaendelea kukusanya taa za ukumbi kama michirizi. Ukiisogeza kamera kidogo kufuata mwendo wa mcheza dansi, michirizi inafuata kiuno chake. Ukiisogeza ovyo, taa zinapita juu ya uso na kuuharibu. Epuka mwanamuziki mwenye balbu kali moja kwa moja nyuma ya kichwa. Kwenye moshi wa mishikaki iondoe flashi juu ya kamera, ishike kwa mkono wa kushoto kwa waya, mbali kiasi cha urefu wa mkono. Moshi ulio mbele ya lenzi hautageuka ukuta mweupe.

Fokasi ya macho gizani ni kazi bure. Tumia lenzi ya milimita 35, tundu f/8, ielekeze mita 2.5, na kila kitu kuanzia kama mita 1.7 hadi 4.9 kitakuwa kimekaa sawa. Basi unachohitaji ni kujua mita 2.5 kwa macho. Kwa f/1.4 bila flashi hali ni nyingine kabisa, ukanda mkali unakuwa mwembamba, na njia bora ni kuchagua mahali kabla ya tukio: maikrofoni haisogei, na kwenye taarabu anayekwenda kutunza lazima afike mbele ya mwimbaji. Lenga hapo, usiguse tena, subiri afike.

Kwenye dansi jua wimbo unavyopanda. Mkanda una fremu 36, na mwenye kumaliza 30 wakati wa mashairi atakuwa anabadilisha mkanda sebene likianza, wakati uwanja umejaa na jasho linaonekana. Kama zimebaki sita na gitaa la solo limeanza kubadilika, rudisha mkanda mapema na upakie mwingine. Hasara ya fremu sita ni ndogo. Ukishapakia, kaza kidogo kishikio cha kurudishia mpaka kigome, kisha vuta fremu inayofuata ukikitazama. Kikizunguka, mkanda umeshika. Kisipozunguka, utapiga usiku mzima na mkanda haujatoka ndani ya kasha lake.

Kuhusu kamera sina mengi. Ya kimakanika ni salama zaidi, kwa kuwa K1000 au FM2 betri ikiisha hupoteza kipimo tu, wakati AE-1 inakufa kabisa bila betri yake ya volti 6. Kwenye kamera za miaka ya 1970, sponji zinazozuia mwanga kwenye mlango wa nyuma huoza na kuwa gundi nyeusi kwa joto la pwani; zibadilishe kabla ya kuilaumu filamu kwa miale ya ajabu. Lenzi ikikaa kabatini Tanga au Mombasa bila vifuko vya kunyonya unyevu, itaota ukungu.

Kwa picha za kutulia, kama majahazi bandarini au mtaa mtupu baada ya saa nane, tumia stendi na waya wa kubonyezea, na kumbuka kwamba filamu huchoka kadiri muda unavyorefuka. Kwa HP5 Plus, kipimo kikisema sekunde 4, toa 6. Kikisema 10, toa 20. Kikisema 30, toa kama 86. Tri-X inachoka zaidi: Kodak wanataka sekunde 50 pale kipimo kinaposema 10.

Sasa joto. Filamu ikae kwenye friji ndani ya kasha lake lililofungwa, itolewe saa kadhaa kabla ya kutumika, bado imefungwa, ili umande usigande juu yake. Usiiache kwenye gari mchana. Ukisafiri kwa ndege, ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT, ambazo viwanja vingi vinaendelea kufunga, zinaweza kuiharibu kwa kupita mara moja tu, na filamu za kasi ndizo zinazoumia kwanza.

Kusafisha nyumbani ndiko kunakofanya kazi hii iwezekane, maana studio nyingi zilizokuwa zikisafisha mikanda zimefunga mashine zake, na zilizobaki mara nyingi husafisha kwa muda wa kawaida tu, bila kupandisha. Unahitaji mfuko wa giza, tangi lenye rili (gurudumu la kuzungushia mkanda), kipimajoto, chupa, na dawa tatu: ya kusafishia, ya kusimamisha na ya kukazia. Kuingiza mkanda kwenye rili ndiko kunakotoa watu machozi. Ndani ya mfuko mikono hutoa jasho, unyevu hupanda, filamu inanata kwenye plastiki na kukataa kuzunguka. Rili iwe kavu kabisa, kata pembe zote mbili za ncha ya filamu, fanya alfajiri au chini ya kiyoyozi. Ikikwama usiilazimishe, rudisha yote ndani ya tangi, funika, toa mikono, ikaushe, uanze upya.

Kwa HP5 Plus iliyopigwa kwa 1600, dawa ya kusafishia ya Microphen, ikishakorogwa na bila kuzimuliwa kwa maji zaidi, inachukua dakika 11 kwa nyuzi 20. Dawa ya ID-11 isiyozimuliwa inachukua 14. Tangi la mkanda mmoja hula kama mililita 300. Pindua tangi mara nne katika sekunde 10 za mwanzo, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika, na ligonge mezani kuondoa mapovu. Tatizo letu ni kwamba maji ya bomba Dar es Salaam hayajui nyuzi 20. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji, tumbukiza mifuko ya plastiki yenye barafu ndani ya beseni, kamwe si ndani ya dawa, subiri mpaka kipimajoto kishuke. Ukishindwa kufika 20, fanya kazi kwa 24 na upunguze muda: dakika 11 zinakuwa kati ya 7 na 8. Ukifika chini ya dakika 5 usafishaji unakuwa wa mabaka. La muhimu ni dawa zote na maji ya kuoshea yawe na joto linalokaribiana. Kutoka nyuzi 20 hadi bomba la 29 ghafla kunaweza kukunja utando wa filamu na kuujaza mikunjo midogo.

Kusimamisha sekunde 10 hadi 30, kukaza dakika 3 hadi 5 kwa dawa ya haraka iliyochanganywa sehemu moja ya dawa kwa nne za maji. Kuosha hakuhitaji mto wa maji: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Suuza ya mwisho iwe kwa maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa betri za gari, ukihakikisha ni maji na si asidi, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo. Ning'iniza bafuni baada ya mtu kuoga, wakati mvuke umeshusha vumbi.

Negativu ikikauka, isome kabla ya kuilaumu kamera. Picha zikiwa hafifu lakini namba za pembeni ya mkanda ni nyeusi na wazi, usafishaji ulikuwa sawa, mwanga ndio uliokosekana. Namba za pembeni nazo zikiwa hafifu, dawa ilikuwa imechoka, ya baridi au muda mfupi. Mabaka ya maziwa ni ukazaji usiotosha, na hayo yanatibika: rudisha kwenye dawa ya kukazia, osha tena. Vialama vya umbo la mwezi mwandamo ni filamu iliyokunjwa kwa kidole wakati wa kupakia rili. Michirizi inayotoka kwenye matundu ya pembeni ni kutikisa kwa nguvu mno.

Dijitali inaingia mwishoni, kwenye kunakili. Kamera ya megapikseli 24, lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) inayofika ukubwa halisi wa 1:1, f/8, ISO 100, na taa bapa yenye kiwango cha usahihi wa rangi (CRI) cha 95 au zaidi. Funika kwa karatasi nyeusi mwanga wote unaozunguka fremu, la sivyo weusi utageuka kijivu. Geuza negativu kuwa chanya, kisha zima kila kitufe kinachojirekebisha chenyewe. Programu itaona kona nyeusi na kutaka kuifungua, na kilichomo humo ni chenga na vumbi. Weka weusi pale ulipouweka ukumbini.

Omba ruhusa kwa mwenye ukumbi na kiongozi wa bendi kabla muziki haujaanza, uliza kama flashi inawasumbua wapiga gitaa, na kwenye taarabu mwulize mama anayesimamia shughuli, kwa kuwa wapo waliokuja wakitaka sura zao zisitoke nje ya ukumbi. Mtu akinyoosha mkono kukataa, shusha kamera. Wiki inayofuata rudi na picha zilizochapishwa, hata ndogo za sentimita 10 kwa 15. Sidibé alikuwa akibandika picha ndogo kwenye majalada ya karatasi yenye tarehe na jina la klabu, watu wakaja studio kuchagua zao. Fanya hivyo na negativu pia: kata vipande vya fremu sita, vitie kwenye bahasha zake, andika kwa penseli tarehe, ukumbi, bendi, filamu, ISO uliyopigia, dawa na dakika. Mwanamuziki akija baada ya miaka kumi kutafuta picha ya mpiga tumba wao, utaipata.